Jinsi ya Kumwongeza Daktari Mshahara Bila Kumlipa

Mheshimiwa, hongera kwa kuapishwa. Uwe waziri mpya wa afya, gavana mpya au katibu aliyehamishwa juzi kutoka wizara ya mifugo, mwongozo huu ni wako. Kabla hujakizoea kiti, utaletewa barua ya makataa kutoka KMPDU, chama cha madaktari wa Kenya. Nyuma yake itakuja ya wauguzi, kisha ya maafisa wa kliniki, kisha ya wataalamu wa maabara. Zote zinasema neno moja: tuongezeni mshahara, au basi tulipeni ile nyongeza tuliyoahidiwa na aliyekikalia kiti hicho kabla yako.

Usibabaike. Waliokutangulia walipokea barua kama hizo, na hakuna aliyezifia. Tumekusanya hekima yao hapa ili usianze upya. Kanuni kuu ni hii: toa chochote isipokuwa pesa. Toa saini, toa kamati, toa sifa, toa tarehe. Pesa ziwe za mwisho, na ikiwezekana azitoe atakayekuja baada yako.

Vifaa utakavyohitaji

Kalamu nzuri ya kusainia mbele ya kamera. Wakili wa kueleza baadaye kwamba saini ile haikuwa na nguvu. Jopo kazi lenye profesa kama mwenyekiti. Sentensi moja kuhusu hali ngumu ya uchumi, ambayo utaitumia kila wiki. Na mtu wa kumsingizia, ambaye Katiba imekupa bure, tutafika kwake.

Hatua ya kwanza: Tia saini

Wageni wa kazi hii huogopa kusaini. Kosa kubwa. Kusaini hakugharimu kitu, na madaktari wakishaona wino hurudi wodini siku hiyo hiyo.

Jifunze kwa waliobobea. Tarehe 27 Juni 2013 Wizara ya Afya ilitia saini mkataba wa makubaliano ya pamoja na KMPDU. Mishahara mipya ilikuwemo, utaratibu wa kupandishwa vyeo ulikuwemo, watu wakapeana mikono. Miaka mitatu baadaye madaktari walipouliza habari za mkataba huo, waliambiwa kwamba haukusajiliwa mahakamani, kwamba Tume ya Mishahara na Marupurupu, yaani SRC, haikuombwa ushauri, na kwamba isitoshe, huduma za afya sasa ziko mikononi mwa kaunti. Tazama ustadi huo, Mheshimiwa. Uzembe ulikuwa wa serikali, hasara ikawa ya daktari.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakutaja tarehe ya kulipa, nawe usiitaje.

Hatua ya pili: Mpige danadana

Tangu 2013 Kenya ina serikali moja ya kitaifa na kaunti 47. Kwa mgonjwa mpango huu ulikusudiwa kuleta dawa karibu na nyumbani. Kwako wewe umeleta neema nyingine: mwajiri asiyepatikana.

Muuguzi akija Afya House, makao makuu ya wizara, kudai nyongeza, mwambie aende kwa gavana wake. Gavana atamwambia mazungumzo yanaendeshwa na Baraza la Magavana. Baraza litasema Hazina Kuu haijatoa mgao wa kaunti. Hazina itasema haiwezi kulipa kiwango ambacho SRC haijakiidhinisha. SRC itasema kazi yake ni kushauri tu, aulizwe mwajiri. Hapo muuguzi atakuwa amezunguka na kurudi mlangoni kwako. Mpe kiti na maji ya kunywa, kisha mwanzishe tena.

Ukitaka kuona mchezo huu ukichezwa na mabingwa, mtazame daktari mwanagenzi. Amesoma miaka sita, amebakiza mwaka mmoja wa kufanya kazi chini ya uangalizi ndipo apewe leseni kamili. Wizara ndiyo inayompangia kituo. Hospitali ni ya kaunti. Usiku yeye ndiye anayeitwa kwanza mama aliyejifungua anapovuja damu. Mwisho wa mwezi ukifika, wizara na kaunti zote mbili humtazama kwa macho ya mtu aliyepotea njia.

Hatua ya tatu: Tangaza asilimia, usitaje shilingi

Shilingi huhesabika, asilimia hushangiliwa. Jirani zetu Watanzania walilionja hili mwaka 2022. Mwezi wa Mei serikali yao ilitangaza nyongeza ya asilimia 23.3, na shangwe zikapigwa kutoka Dodoma hadi Kigoma. Mishahara ya Julai ilipoingia, wauguzi, walimu na makarani wakafungua simu zao, wakatazama, wakatazama tena. Asilimia 23.3 ilikuwa ya kima cha chini. Aliyekuwa juu yake alikuta kiasi kidogo kabisa, na nchi nzima ikapiga kelele. Serikali ikaeleza, kwa utulivu, kwamba tangazo lilieleweka vibaya.

Ukilazimika kuongeza kweli, Mheshimiwa, hakikisha makato yamefika kabla ya nyongeza. Chukua muuguzi ambaye mshahara wake kabla ya makato ulikuwa shilingi 57,000. Enzi za NHIF, bima ya afya ya zamani, alikatwa 1,200. Tuseme umempandisha hadi 60,000. Ameongezwa 3,000, amefurahi, ametuma ujumbe nyumbani. Sasa fungua hati yake ya mshahara. Bima mpya ya SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wote: 1,650. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5: 900. Jumla 2,550, mahali alipokuwa akikatwa 1,200. Kwa hiyo 1,350 ya ile nyongeza imerudi serikalini hata kodi ya mapato haijanyoosha mkono. Na zaidi ya nusu ya makato hayo ni bima ya huduma ambayo yeye mwenyewe ndiye anayeitoa wodini.

Hatua ya nne: Msifu mpaka aone haya kudai

Mpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwite shujaa. Mwite mzalendo. Sema kazi yake ni wito, kwa sababu anayeitikia wito haulizi mshahara. Wewe kazi yako si wito, hivyo marupurupu yako yasikutie wasiwasi.

Katika hatua hii Waingereza wametuzidi, tukubali. Mwaka 2020, Covid-19 ilipochacha, walitoka milangoni kila Alhamisi jioni kuwapigia makofi wahudumu wa afya. Waziri Mkuu Boris Johnson naye alipiga makofi. Aprili mwaka huo akalazwa mahututi katika hospitali ya St Thomas' jijini London, na alipopona akawashukuru hadharani wauguzi wawili waliokesha naye. Machi 2021 serikali yake ikapendekeza wahudumu wa afya waongezwe asilimia 1. Mmoja wa wauguzi wale wawili akaacha kazi Mei, akisema hawapati heshima wala malipo yanayowastahili. Kelele zilipozidi, asilimia 1 ikawa 3.

Nasi hatukubaki nyuma. Julai 2021 serikali yetu ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka huko wauguzi Wakenya waliokosa ajira. Desemba 2022 wauguzi wa Uingereza wakaingia katika mgomo ambao chama chao hakikuwa kimeufanya kwa kiwango hicho tangu kuanzishwa mwaka 1916. Kisa chenyewe: mshahara. Muuguzi wetu aliyekimbia mgomo Kenya akaukuta mwingine umemtangulia London.

Hatua ya tano: Unda jopo

Sifa zikiisha makali, unda jopo kazi. Mgomo wa madaktari wa Desemba 2011 ulitulizwa kwa jopo la kuchunguza hali ya sekta ya afya. Jopo likafanya kazi yake, likaandika ripoti, ripoti ikapokelewa. Kupokea ripoti ni jambo la heshima: mnasimama wawili wawili, mnashika kitabu pamoja, mnatabasamu. Baada ya hapo kitabu huwekwa kabatini pamoja na ndugu zake.

Angalizo: wanachama wa jopo walipwe marupurupu ya kikao kwa wakati. Huwezi kumweka profesa mzima ajadili ucheleweshaji wa malipo huku malipo yake yamecheleweshwa. Ataandika ripoti kali.

Hatua ya sita: Mgomo ukianza

Hatimaye watagoma. Usiuzuie kwa kulipa. Hilo litaharibu kazi yote tuliyofanya hadi hapa. Una silaha tano.

Ya kwanza ni mahakama. Omba amri ya kusimamisha mgomo, kisha omba wasiotii waadhibiwe. Februari 2017, katikati ya mgomo wa siku 100 ulioanza tarehe 5 Desemba 2016, viongozi saba wa KMPDU walipewa kifungo cha mwezi mmoja kwa kudharau mahakama. Walioshindwa kutekeleza mkataba wa 2013 walilala nyumbani kwao. Mahakama ya Rufaa iliwatoa viongozi hao siku mbili baadaye, lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Ya pili ni kuagiza madaktari kutoka nje. Machi 2017 ujumbe wa Kenya ulikwenda Dar es Salaam kumwomba Rais Magufuli wa Tanzania madaktari 500, naye akakubali. Madaktari wa Kenya wakaenda kortini: mnawaleta wa kwa jirani, na wa kwenu wamejaa mitaani bila ajira? Safari ikakwama. Magufuli akaagiza wale 258 waliokuwa wameomba nafasi hizo waajiriwe Tanzania. Hivyo mgomo wa Kenya ukazaa ajira, ila upande wa pili wa mpaka wa Namanga. Mwaka uliofuata tukageukia Cuba, wakaja 100, nasi tukawaaga mkataba ulipofika ukingoni 2023. Kila mara hoja ni ile ile: pesa za kumlipa mgeni hupatikana, za kumlipa mwenyeji zinatafutwa.

Ya tatu ni vitoa machozi. Tarehe 29 Februari 2024, katika maandamano jijini Nairobi, katibu mkuu wa KMPDU, Davji Atellah, alipigwa kichwani na mkebe wa kitoa machozi akalazwa hospitalini. Aliyeandamana kuitetea hospitali akafikishwa hospitalini na serikali yenyewe. Usiseme hatuwajali.

Ya nne ni ile sentensi yako ya uchumi. Katika mgomo wa 2024, ulioanza tarehe 14 Machi na kwisha tarehe 8 Mei, siku 56, madaktari waliambiwa kutoka juu kabisa kwamba nchi lazima iishi kulingana na uwezo wake. Sentensi hii ina sifa moja adimu: ni ya kweli. Ndiyo maana inafaa sana. Usiitumie tu siku mnapojadili magari mapya ya ofisi, kwa maana itakosa mahali pa kukaa.

Silaha ya tano huhitaji kuinunua. Ni mgonjwa mwenyewe.

Nenda siku moja usiku, bila msafara, kwenye wodi ya wazazi ya hospitali ya kaunti, hata kabla ya mgomo. Utakuta muuguzi mmoja na vitanda vilivyojaa, vingine vikiwa na akina mama wawili wawili. Stima zikipotea, anashika simu kwa meno, kurunzi ikiwaka, ili mikono yote miwili ifanye kazi. Glavu zikiisha, anamwambia shangazi wa mgonjwa: "Mama, kimbia pale nje duka la dawa uniletee glavu jozi mbili na bomba la sindano." Shangazi anafungua kitambaa, anahesabu sarafu, anatoka akinung'unika: "Hawa wauguzi wana roho mbaya." Muuguzi hamjibu. Amelisikia hilo tangu jioni.

Hiyo, Mheshimiwa, ndiyo hazina yako. Hasira za wananchi zipo, nazo ni za haki, ila zinamwangukia aliye karibu. Mgomo ukianza, askari wa lango atamwambia mwenye bodaboda arudi na mama mwenye uchungu, na yule mama atamlaani daktari. Jina lako hatalitaja, kwa kuwa hajawahi kukuona wodini. Katika kaunti ya Kiambu, mwaka 2025 madaktari waligoma siku 150, kuanzia Mei hadi Oktoba. Ilifika mahali chama na kaunti vikawa vinabishana hadharani juu ya idadi ya watoto wachanga waliokufa. Kubishana juu ya hesabu ya makaburi ni njia ya kuaminika ya kuahirisha hesabu ya mishahara.

Hatua ya saba: Waahidi kile ulichokwisha kuwaahidi

Migomo yote huisha kwa hati iitwayo makubaliano ya kurejea kazini. Usiweke kitu kipya ndani yake. Chukua ahadi ya zamani, ipanguse vumbi, iwasilishe upya.

Mfano bora ni wa wanagenzi. Mkataba wa 2017, uliopatikana baada ya zile siku 100, uliweka malipo yao kuwa shilingi 206,400 kwa mwezi. Ulipofika wakati wa kuwatuma vituoni mwaka 2024, serikali ikawapangia 70,000, karibu theluthi moja ya kilichoandikwa. Wakagoma, wakaandamana, wakakaa nyumbani miezi na miezi huku wodi zikikosa watu. Mwishoni mwa Desemba 2024, mgomo mwingine ukiwa umekaribia mlangoni, serikali ikakubali kulipa 206,400. Magazeti yakaandika kwamba madaktari wameshinda.

Wameshinda nini? Wamepata kilekile cha 2017, katika bei za unga na kodi za nyumba za 2024. Huo ndio upeo wa fani yetu, Mheshimiwa. Ukimpunguzia mtu haki yake kwa theluthi mbili, kisha ukamrudishia, atakushukuru kana kwamba umemwongeza.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, wakihama nchi?* Waage vizuri. Watatuma pesa nyumbani, nawe utazitaja katika hotuba kama ushahidi kwamba uchumi unakua. Gharama za kuwasomesha zimekwisha kulipwa na wazazi na walipa kodi, kwa hiyo Uingereza na nchi za Ghuba hazitakudai chochote.

*Je, wabunge nao wakitaka nyongeza?* Hilo ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2023 SRC ilichapisha viwango vipya vya maafisa wa serikali, na mshahara wa mbunge ukapangiwa kupanda kutoka shilingi 725,502 hadi 739,600 kuanzia Julai 2024. Mbunge hakugoma hata siku moja, hakupigwa bomu la machozi, wala hakuambiwa aende kwa Baraza la Magavana. Nyongeza hiyo ilisitishwa vijana walipojaa barabarani kuandamana dhidi ya serikali mwaka huo wa 2024. Kumbe SRC inaweza kusikia haraka, ikipigiwa kelele ya kutosha na watu wengi wa kutosha.

*Je, nikiugua mwenyewe?* Usiwe na hofu. Bima yako itakupeleka hospitali ya kibinafsi yenye sakafu inayong'aa, au ng'ambo kabisa. Ila usishtuke daktari akiingia na ukaifahamu sura yake. Ni yule aliyekuandikia barua mara tatu, usimjibu.

Neno kwa mwananchi aliyeuokota mwongozo huu

Mheshimiwa akishashikwa na usingizi, nisikilize wewe. Kila hatua iliyoandikwa hapo juu hufaulu kwa sababu moja: wewe humkasirikia aliyevaa koti jeupe, na anayeshika kalamu hupita salama. Hakuna aliyesema daktari ni malaika. Wapo wanaochelewa, wapo wanaokimbilia kliniki zao za pembeni saa za kazi, na hao wawajibishwe. Lakini mkataba uliotiwa saini ni deni la umma, na deni lisilolipwa halipotei. Linakusubiri wewe wodini, usiku, na muuguzi mmoja kwa vitanda vyote.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Mgombea wa ugavana akija kijijini kwenu na ahadi ya hospitali mpya ya ghorofa tano, mpe kiti, mpe maji, kisha umwulize maswali mawili mbele ya watu: wahudumu wa hospitali tuliyo nayo wanadai malimbikizo ya miezi mingapi, na utayalipa tarehe gani? Akikutajia jopo, mnyime kura.